Ukificha mwambie mtu, la sivyo umezika

Natumai hujachacha. Na kama umechacha usifunue ukurasa, kwani leo nazungumza na wale wenye vijisenti na vidhahabu vyao vya kuficha ndani ya nyumba, na hata wewe uliyechacha leo kesho utapata. Ukipata tu, swali la kwanza litakuwa hilo hilo: niweke wapi?

Mie naandika kutoka Jadida, hapa Wete, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Jadida ni neno la Kiarabu, maana yake mpya, lakini mambo ya kuficha mali hapa kwetu si mapya hata kidogo. Kila nyumba ina kopo lake. Ukiingia jikoni kwa watu ukaliona kopo la Nido limekaa peke yake juu ya kabati, makopo mengine yote yana vumbi mfunikoni na hilo halina, basi ujue humo hamna maziwa. Wewe nyamaza, kunywa chai yako, aga uondoke.

Nimekaa nikazipima mbinu zote ninazozijua. Ngoja nikupe matokeo.

Ya kwanza ni godoro. Unafumua uzi kidogo ubavuni, unapenyeza noti kwenye sufi, unashona tena, unalalia mali yako kama kuku anaatamia. Raha tupu! Lakini mbinu hii imezeeka mpaka imeota mvi. Hata kibaka anayejifunza kazi leo huanzia chumbani, na chumbani huanzia kitandani. Isitoshe, godoro huchakaa, na likichakaa hutupwa. Mwaka 2009 huko Tel Aviv, Israel, magazeti yalimwandika binti mmoja aliyetaka kumfurahisha mama yake. Akamnunulia godoro jipya bila kumwambia, la zamani akalitupa jaani. Kumbe ndani ya lile la zamani mama alikuwa ameshindilia akiba ya maisha yake yote, iliyotajwa kufikia dola milioni 1. Watu wakapekua majalala, wapi! Mama kapata godoro laini, usingizi kaukosa.

Ya pili ni ncha ya kanga. Hii ndiyo benki ya bibi zetu. Fundo moja dogo, kanga inafungwa kiunoni, na tawi la benki linatembea na mwenyewe mpaka sokoni. Kwa pesa ya samaki na nazi haina mpinzani. Kwa mkufu wa dhahabu, hapana, maana kanga hufuliwa.

Ya tatu ni kasha. Waungwana wa zamani walikuwa na makasha ya mbao ngumu, yamepigwa misumari ya shaba, na ndani fundi ametia droo za siri ambazo mgeni hazioni. Kazi ya fundi ni bomba, hilo silikatai. Tatizo la kasha ni sura yake. Limekaa pembeni ya chumba linang'aa, kama lina mdomo linasema: jamani mali iko huku! Mwizi hahitaji kuijua hiyo droo ya siri. Akiwa na shoka kila droo inafunguka.

Ya nne ni kibubu. Kisanduku cha mbao chenye tundu juu, unatumbukiza noti na huwezi kuitoa mpaka ukivunje. Mie nasema kibubu hakikulindi na mwizi, maana kibubu chote hubebeka kwapani. Kibubu kinakulinda na wewe mwenyewe, na kwa vijana wengi ninaowajua, huyo ndiye mwizi mkubwa zaidi.

Ya tano, na hapa navua kofia, ni kopo la jikoni. Kopo la unga, la chumvi, la mbegu, kikopo cha Vaseline kilichokwisha. Mwizi ana haraka. Hana muda wa kumwaga makopo kumi na mawili sakafuni akichambua dengu. Wenzetu wa Marekani na Uingereza wamefanya biashara ya jambo hili: madukani huuzwa kopo la soda la bandia ambalo mfuniko wake huzungushwa, kitabu kilichochongwa shimo katikati, hata soketi ya umeme ya uongo ambayo nyuma yake ni kijisanduku. Bibi zetu hawakusubiri duka. Waliijua siri hiyo zamani: kitu cha thamani kivishwe nguo ya kitu cha bure, basi, hakuna atakayekitazama mara mbili.

Sasa nikupe habari kubwa. Ukisimama bandarini hapa Wete ukatazama ng'ambo ya maji, huko ndiko Mtambwe. Huko Mtambwe Mkuu palikuwa na mji wa zamani, na mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Mwingereza Mark Horton, walikuta hazina ardhini: sarafu ndogo ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu, nyingine dinari za watawala wa Kifatimi. Mali hiyo iliwekwa pale katika karne ya 11. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu miaka 900 mpaka ilipofukuliwa!

Vijana wenzangu kijiweni wakiisikia hadithi hii husema, aisee, jamaa alijua kuficha! Na mie nilikuwa nasema hivyo hivyo. Mwizi hakuipata hata sarafu moja. Lakini siku hizi naitazama kwa jicho jingine. Mwizi hakuipata, sawa. Na mwanawe je? Na mkewe? Nao hawakuipata. Mwenye mali hakurudi kuichukua, na hakuna aliyekuja kwa niaba yake. Kuficha namna hiyo na kuzika vina tofauti gani?

Nasema hivyo kwa sababu mwaka 2025 jambo hili liliingia nyumbani kwetu, na mie nusura nitolewe roho nalo. Tulia nikuhadithie.

Bibi yangu mzaa mama tunaishi naye. Ni mtu wa zamani, mwaminifu, na majirani wa Jadida wanamjua kwa jambo moja: ukimwekea amana, imewekwa. Mtu akisafiri kwenda Mombasa au Oman, kitu chake humwachia Bibi. Haandiki, haambii mtu, na ukirudi unakipata kama ulivyokiacha. Sisi wa nyumbani hatukuwahi kujua anaviweka wapi, na kuuliza ilikuwa ni utovu wa adabu.

Oktoba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza kwamba noti za zamani zinaondolewa: za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010 yenye picha ya Mzee Karume. Watu wakapewa kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025 wazipeleke benki wabadilishiwe. Baada ya hapo, kwishnei. Mie mwenyewe, kwa mdomo wangu, Januari hiyo nikamwuliza.

"Bibi, huna noti za zamani nikakubadilishie?"

Akacheka. "Mie n'na pesa gani, baba? Mie mtu wa kula tu na kulala."

Nami nikacheka, nikaenda zangu.

Mwezi wa Februari Bibi akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, maneno yakakatika. Akili anayo, anakutazama na kukuelewa, ila kusema hawezi. Ramadhani ikaingia tukamuuguza, Sikukuu ikaja tukamvisha nguo mpya akiwa kitandani. Tarehe 5 Aprili ikapita na hakuna aliyeikumbuka. Nani akumbuke noti za mtu aliyesema hana pesa?

Siku chache baada ya hapo akaja jirani yetu mmoja, mama wa makamo, na sahani ya vileja mkononi. Akamjulia hali mgonjwa, akakaa, akazungumza hili na lile, mwisho akamwambia mama, "Dada, samahani, najua mna mtihani. Lakini nilimwekea Bibi bangili zangu mbili za dhahabu tangu mwaka jana. Sasa mwanangu anaolewa mfungo mosi huu, nataka avae."

Mama akasema, "Bangili?"

Ni neno moja tu, lakini sote tulisikia nyumba ikizizima.

Tukatafuta. Kasha likafunguliwa mpaka chini, kanga sitini zikakunjuliwa moja moja. Godoro likafumuliwa. Mito ikafumuliwa. Tukapapasa juu ya dari, chini ya mtungi, kwenye kijisanduku chake cha udi, mpaka ndani ya kinu. Ami akachimba uvunguni. Hamna! Na muda wote huo Bibi kitandani anainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, anaunyoosha mlangoni. Tukadhani ana kiu. Mama akamletea maji, akageuza uso. Tukadhani ana njaa, tukamletea uji, akageuza uso. Tukamwambia, pumzika Bibi, usijisumbue.

Sasa nani alikuwa akilala chumba cha pili, mlango kwa mlango na Bibi? Mie. Na nani mwezi huo huo alikuwa ametembeza simu mpya mtaa mzima? Mie! Simu yenyewe ilikuwa ya mtumba, imepasuka kioo pembeni, nimeinunua kwa malipo ya safu hii niliyoyadunduliza miezi mitano. Lakini nani atakuamini kwamba kuandika gazetini kunanunua simu? Hata mie mwenyewe wakati mwingine siamini.

Hakuna aliyeniita mwizi. Wapemba hatusemi hivyo. Ila mama alianza kufunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo. Jirani yule, aliyekuwa akinipitishia mandazi kila Ijumaa, Ijumaa zikapita kavu. Salamu yangu akiitikia, anaitikia ardhi. Na vijana wa kijiweni, washenzi wakubwa, wakanibatiza jina: Sonara. "Sonara, leo dhahabu bei gani?" Nikicheka, nakiri. Nikikasirika, nakiri zaidi. Nikawa sikai tena kijiweni, natoka kazini kwa watu naingia ndani kama mwari.

Harusi ikafika mwisho wa Aprili. Bi harusi akavaa bangili za kuazima. Mie sikwenda.

Mwezi wa Mei, mvua za masika bado zinapiga, ami akaja asubuhi akasema ardhi imeloa, nipe zile mbegu za bamia za Bibi nizitupe pale nyuma ya nyumba. Nikaingia jikoni. Juu ya kabati palikuwa na kopo la Nido, kutu ubavuni, tunaliona kila siku ya Mungu. Kila mtu anajua ni kopo la mbegu la Bibi. Wakati wa kutafuta hata mie nililifungua, nikaona bamia, nikalifunga. Siku hiyo nikalipindua kwenye ungo.

Mbegu zikamwagika, halafu kikadondoka kitu kizito, pu! Kipande cha kanga kuukuu kimefungwa fundo. Mikono ikanitetemeka kama niliyekutwa nacho. Nikaita, "Mama! Mama njoo! Njoo ufungue wewe, mie sigusi!"

Mama akafungua. Bangili mbili za dhahabu, zinametameta kama jana zimetoka kwa sonara wa kweli. Na chini yake bunda la noti limefungwa uzi. Tembo, kifaru, simba. Tukahesabu: shilingi 280,000. Ami akaisogeza moja dirishani, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka chini polepole. Noti za mwaka 2003. Zote. Tembo ni yule yule, kifaru ni yule yule, lakini zilikuwa zimekufa tangu mwezi uliopita.

Tukampelekea Bibi lile fundo. Akalitazama, machozi yakamshuka upande mmoja. Akainua mkono wa kushoto akaunyoosha mlangoni, na sasa ndipo tukageuka sote kutazama. Mkono wake ulikuwa unaelekea jikoni. Wiki zote zile alikuwa anatuonesha, na sisi tunamletea uji.

Mama anasema zile pesa zilikuwa za sanda na hitima. Bibi aliwahi kumgusia zamani, kwamba siku yake ikifika asiwe mzigo kwa mtu. Mama akazifunga upya kwenye kile kile kipande cha kanga, akamwekea chini ya mto, akamwambia sikioni, "Hizo zako, mama. Hayo mengine tutafanya sisi." Bangili zilirudi kwa mwenyewe magharibi ile ile. Jirani alilia, akaniomba radhi mbele ya watu, na Ijumaa iliyofuata mandazi yalikuja sahani mbili. Nilikula yote. Jina la Sonara, hata hivyo, halijatoka mpaka leo.

Sasa turudi Mtambwe kidogo. Angalia lugha yetu yenyewe: pesa tunaita fedha, na fedha ni madini. Sarafu za yule bwana zilikuwa fedha kweli kweli, ndiyo maana zilipofukuliwa baada ya karne tisa bado ni mali. Noti ya leo ni karatasi yenye ahadi, na ahadi ina tarehe. Hapa petu watu wamekwisha kuyaona. Mwaka 1936 rupia ya Zanzibar ikaondoka, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania, ile nayo ikaaga. Wenzetu wa Kenya mwaka 2019 waliambiwa Juni kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 inakufa, na kufika Oktoba mosi ikawa imekufa. Dhahabu ya jirani ilikaa ndani ya bamia ikatoka salama. Karatasi ya Bibi ilikaa kopo moja nayo, ikatoka maiti.

Kwa hiyo, mtoto wa mjini, ficha. Vibaka wapo na hawajastaafu. Lakini chukua haya kutoka kwa mtu aliyeitwa Sonara.

Kwanza, kila maficho yawe na mtu wa pili. Mmoja tu, si mtaa. Mama, dada, mke, mume, yeyote ambaye ukilala usiamke atajua pa kuanzia. Kama humwamini mtu hata mmoja duniani, basi tatizo lako si maficho.

Pili, amana ya mtu iandikwe. Andika jina, kitu, tarehe, kwenye karatasi ambayo mtu wa pili anajua ilipo. Dini yetu imetuhimiza wasia, na mtu akifa haki za watu hutolewa kwanza ndipo warithi wagawane. Watatoa vipi wasichokijua?

Tatu, noti zisilale zaidi ya msimu mmoja. Hata zisipofutwa, kuna panya, kuna mchwa, kuna unyevu wetu huu wa pwani, na kuna bei za vitu ambazo hazilali. Ndani weka ya dharura tu. Kubwa peleka benki au weka kwenye simu.

Nne, chagua chombo ambacho hakuna wa kukitupa, kukigawa wala kukipika. Kiatu kikuukuu kitapewa maskini. Gazeti kuukuu litafungiwa maandazi, hata likiwa na safu yangu.

Tano, mgonjwa akikuonesha kidole, usikimbilie uji. Fuata kidole.

Na mie je? Nimeshajifunza. Nina kijisanduku changu kidogo, ndani mna pete ya marehemu babu na njuluku za akiba, na kimekaa ndani ya kitu ambacho ukikiona utakipita. Mama anajua kilipo. Bibi naye nimemnong'oneza, akatikisa kichwa akacheka kwa upande wake mmoja.

Wewe msomaji sikwambii. Mtu wa pili ni mmoja tu, na nimeshazidisha.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.